Nani Abebe Mzigo?

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa mbali unauona mwepesi tu. Mimi nimekulia Kiziba, ile kambi ya Karongi iliyopokea Wakongomani tangu 1996. Sasa niko Kigali, nafanya kazi na vijana, na mzigo nimeuona pande zote mbili.

Mwanzoni mwa 2018 pesa za wafadhili zilipungua, na posho ya chakula kambini ikakatwa asilimia 25. Mtu aliyekuwa anapata faranga 7,600 kwa mwezi akabaki na 5,700. Nyumbani kwetu maana yake ilikuwa mama kupika mara moja kwa siku, halafu kusema yeye ameshiba. Machi 2021 posho ikakatwa tena, safari hii asilimia 60.

Hapa mjini tuna likelemba ya vijana kumi na wawili. Kuna wanaosuka nywele, wanaoshona, wanaouza nyanya. Kila Jumapili kila mmoja anatoa 1,000. Mwenye zamu anabeba 10,000, na 2,000 zinaingia kwenye sanduku la matatizo. Sanduku lilipofika 48,000 yakaja maombi mawili pamoja: dada mmoja wetu cherehani yake imekufa, na huko Kiziba kuna wazee wanaolala njaa.

Kijana mmoja akaniuliza, “Yaya, tukijaza sisi hilo shimo, wenye pesa si watalala?”

Swali lake si la kitoto. Mwaka 1970 Umoja wa Mataifa uliweka lengo: nchi tajiri zitoe asilimia 0.7 ya pato lao kusaidia nchi maskini. Miaka zaidi ya 50 imepita na zilizofikia lengo hilo ni chache sana, kama Norwe, Uswidi na Denmark. Desemba 2018, mwaka uleule tuliokatwa posho, mataifa yakapitisha mapatano ya kugawana mzigo wa wakimbizi. Ni maneno mazuri, lakini kisheria hayamlazimishi mtu. Wakimbizi wengi wa dunia bado wanahifadhiwa na nchi zisizo tajiri, kama hii yetu.

Lakini njaa haingojei mkutano. Nilimjibu kwa mfano wa umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Hakuna anayesema, “Jirani ana gari, basi alime peke yake.” Na hakuna anayempa mama mwenye mtoto mgongoni mawe sawa na ya kijana mwenye nguvu. Wote tunatoka, kila mtu kwa kipimo chake. Kutoa kwangu hakufuti deni la mwingine.

Tulipiga kura. 40,000 zikaenda Kiziba, 8,000 zikabaki za cherehani. Hazikutosha fundi. Dada yule mwenyewe aliinua mkono kukubali, na tangu siku hiyo anashona kwa mkono.

Ndugu zetu wa mashirika, mara nyingi mnaandika kwamba wakimbizi tunajitegemea na tunasaidiana. Ni kweli, na tunafurahi mkiyaona. Ila mkiandika hivyo, andikeni na bei yake, ili huko pesa zinakopangwa wasidhani mzigo umeshapata wabebaji. Sisi sehemu yetu tumebeba. Cherehani bado ni mbovu.