Neno la Silabi Tatu

Nataka kukusimulieni habari ya neno moja lililonitoa jasho mbele ya wazee wetu.

Siku ya Wazee, Klabu ya Sayansi iliweka mezani chupa ya mafuta ya karafuu. Kwa kuwa mimi najifunza Kifaransa, nilipewa kazi ya kuitaja kwa lugha hiyo kemikali iliyo nyingi kabisa katika mafuta hayo: eugénol. Nikasimama kifua mbele, nikasema, "E-u-ge-no-li!" Mgeni mmoja akacheka, na wenzangu wakamfuata. Baba, aliyekaa safu ya mbele, akainamisha kichwa. Hilo ndilo lililonichoma.

Jioni nilikwenda kwa jirani yetu, mzee wa Kingazija, aliyesoma Kifaransa kwao.

"Ami, nimekosa wapi?"

"Umelipima neno la watu kwa pishi yetu, mwanangu. Umetia silabi 5, nalo lina 3: eu-gé-nol. Eu ni sauti moja: ulimi useme e, na midomo uiviringe kama unayesema o. G hiyo si ya gari. Ni kama sh, ila koo nalo livume. Nol inafunga kwa l, usiiongezee i. Mkazo uweke mwishoni."

Kisha akaniuliza, "Na karafuu ina silabi ngapi?"

"Tatu."

"Nne! Ka-ra-fu-u, na mkazo uko kwenye fu."

Nikaona haya mara ya pili, safari hii kwa neno la nyumbani.

Nikatafuta na asili yake. Eugénol limetokana na Eugenia, jina la kitaalamu alilopewa mkarafuu zamani, nalo lilitungwa kwa heshima ya Mwanamfalme Eugène wa Savoie, aliyezaliwa Paris mwaka 1663. Siku hizi wataalamu huuita mti huo Syzygium aromaticum, lakini jina la kemikali limebaki.

Jumatatu nilimwomba Mwalimu ruhusa, nikalisema tena darasani. Waliocheka wakajaribu, na karibu wote wakaishia "noli". Sikuwacheka, niliwaonyesha.

Nyumbani baba alinisikiliza, akatabasamu. "Mimi siliwezi," akasema, "lakini kila nichambuapo karafuu na makonyo, vidole vyangu hunukia hilo hilo."

Basi ndugu zangu, kila lugha ina pishi yake. Tuulize kwanza, ndipo tupime.