Uswisi: Kijiji kinachoamshwa na mlio wa bunduki

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walinena kuwa mwenye kovu usidhani amepoa. Niliukumbuka usemi huo Jumamosi moja asubuhi, mwishoni mwa mwezi wa Mei, nikiwa jikoni kwa dada yangu katika kijiji kimoja cha milimani nchini Uswisi. Nilikuwa nimeinua kikombe cha chai niliposikia mlio wa bunduki. Ukafuatwa na mwingine, kisha mfululizo. Chai ilimwagika mezani, nami nikajikuta nimechutama kando ya jiko, mikono kichwani.

Dada hakucheka. Aliniinua taratibu, akapangusa meza, kisha akasema: "Pole, mdogo wangu. Nilisahau kukwambia. Leo ni sikukuu ya kulenga shabaha. Hata mimi mwaka wangu wa kwanza nilijificha papo hapo."

Msomaji mpendwa, dada huyu ni binti wa mama yangu mkubwa. Tulilelewa nyumba moja huko Likoni, ng'ambo ya kivuko cha Mombasa. Usiku wa Agosti 13, 1997, wavamizi walipokishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari na kupora bunduki, mimi nilikuwa na umri wa miaka 10 naye alikuwa na 13. Tulilala chini ya kitanda hadi alfajiri, yeye akiniziba mdomo kwa kanga nisilie. Miaka baadaye aliolewa na Mswisi akahamia huku. Ni ajabu ya Mungu kwamba mtu aliyekimbia mlio wa bunduki alikuja kujenga maisha mahali ambapo bunduki hulia kwa furaha.

Kutoka jiji la Bern, garimoshi huchukua chini ya saa moja kufika Langnau, mji mdogo katika bonde la Emmental. Hapa ndipo ilikotoka ile jibini maarufu yenye matundu. Ukipanda milimani kutoka mjini utaona nyumba kubwa za mbao ambazo paa zake zimeshuka karibu kugusa ardhi, maua mekundu madirishani, na ng'ombe wenye kengele shingoni wakila nyasi kama kwamba hakuna jingine duniani. Watu husalimiana njiani hata kama hawajuani, jambo lililonikumbusha mashambani kwetu.

Tulipokuwa tukielekea uwanjani, mzee mmoja alitupita akiendesha baiskeli, bunduki ikining'inia mgongoni. Mbele yake kulikuwa na kikapu cha mikate. Alituamkia, akaenda zake. Hakuna aliyegeuka kumtazama isipokuwa mimi.

Mita 300

Uwanja wenyewe ni banda la mbao lililo wazi upande mmoja. Walengaji hulala kifudifudi kwenye mikeka, macho yakielekea ng'ambo ya bonde dogo. Huko, kwenye ubavu wa kilima, ndiko ziliko shabaha, umbali wa mita 300. Hebu fikiria viwanja vitatu vya kandanda vilivyounganishwa kwa urefu, kisha ujaribu kulenga kitu kilicho mwisho wa kile cha tatu bila darubini.

Sherehe hii huitwa Feldschiessen, yaani kulenga shabaha mashambani. Hufanyika kila mwaka kote nchini, na wanaoshiriki hupita 100,000, katika nchi yenye watu wapatao milioni tisa. Hakuna kiingilio. Kila mshiriki hupewa risasi 18. Sita za kwanza hupigwa moja moja bila haraka. Kisha hupigwa tatu kwa dakika moja, tatu nyingine kwa dakika moja, na sita za mwisho kwa dakika moja. Anayepiga zote katikati hupata pointi 72. Waliofanya vyema hupewa beji ndogo ya kubandika kifuani, na niliona wazee waliozitundika kofiani kama vile babu zetu walivyotundika nishani za vita.

Kilichonishangaza zaidi hakikuwa milio, bali hesabu. Risasi hukabidhiwa kwa idadi na zinazobaki hurudishwa. Nyuma ya kila mlengaji husimama mwangalizi. Akimaliza, bunduki hufunguliwa na kukaguliwa kabla hajainuka. Mpwa wangu, kijana wa miaka 18 anayehudhuria mafunzo ya bure ya shabaha ambayo vyama vya vijiji huwapa vijana, alisahau kidogo na kuanza kugeuka huku bunduki ikiwa mkononi. Mwangalizi alimshika bega kabla mtutu haujasogea. Alikuwa mwuza maziwa wa kijiji, mtu anayemjua kijana huyo tangu alipokuwa mchanga.

"Mama mdogo, umeona?" aliniuliza baadaye kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kijerumani, masikio yamemwiva kwa aibu. Hata hivyo alipata beji yake. Dada yangu alikuwa akitazama kutoka kwenye meza ya keki. Katika miaka yote ya ndoa yake, alikuwa hajawahi kukanyaga uwanjani hapo. Alikuja siku hiyo kwa sababu yangu.

Wajibu na haki

Ili kuelewa mambo haya yapaswa kujua kwamba jeshi la Uswisi ni la raia. Kila kijana wa kiume hutakiwa kulitumikia, au afanye utumishi wa kiraia ambao ni mrefu zaidi. Wanawake hujiunga kwa hiari. Baada ya mafunzo, askari hurudi kazini au chuoni kwake, na wengi hurudi nyumbani na bunduki ya jeshi. Anayepewa bunduki hiyo sharti apige shabaha kila mwaka kabla ya mwisho wa Agosti. Mtihani huo ni wa risasi 20, na asiyefikisha pointi 42 kati ya 85 hurudia.

Sheria ya silaha ya nchi hiyo, iliyoanza kutumika mwaka 1999, inatambua haki ya raia kununua na kumiliki silaha, lakini ndani ya mipaka ya sheria yenyewe. Bunduki nyingi zahitaji kibali, na mwenye rekodi ya uhalifu au anayeonekana kuwa hatari kwake au kwa wenzake hukataliwa.

Lakini msidhani kwamba hapa ni peponi. Septemba 27, 2001, mtu mmoja aliingia katika bunge la jimbo la Zug, akawaua watu 14, kisha akajiua. Majonzi hayo yalizua mjadala ambao haujazimika. Tangu mwaka 2007 askari hawapewi tena risasi za kuweka nyumbani. Mwaka 2011 wananchi walipigia kura pendekezo la kutaka bunduki za jeshi zitolewe majumbani, na asilimia 56 wakalikataa. Mwaka 2019 walipiga kura tena, safari hii kuhusu masharti makali zaidi ya kulingana na yale ya Umoja wa Ulaya. Vyama vya walenga shabaha vilipinga vikali, lakini karibu asilimia 64 waliyakubali.

Kuna jambo jingine linalozungumzwa kwa sauti ya chini. Idadi ya askari ilipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hivyo bunduki majumbani zikapungua, watafiti waligundua kwamba vifo vya kujiua miongoni mwa wanaume wa umri wa jeshi vilipungua pia. Adui aliyehofiwa mpakani hakuja, lakini huzuni ya usiku mmoja ilikuwa tayari ndani ya nyumba.

Kabatini

Jioni hiyo tulipokuwa tukila viazi vya kukaanga kwa jibini, jambo lililokuwa likimkera dada lilitoka. Mwaka ujao mwanawe anaingia jeshini kwa mafunzo ya wiki 18. Je, akirudi, bunduki itakaa wapi?

Shemeji yangu, mtu mpole asiyependa maneno mengi, alisema kwamba yake ilikaa kabatini miaka yote ya utumishi wake na haikumdhuru mtu. Kile kipande cha chuma kinachosukuma risasi mtutuni, ambacho bila hicho bunduki ni gongo tu, alikifungia mahali pengine kama sheria inavyotaka. "Bunduki hiyo ni ishara kwamba Serikali inamwamini raia," alieleza.

"Mimi siikatai imani ya Serikali," dada alijibu. "Nakataa kulala nyumba moja nayo."

Kimya kikatanda. Ndipo kijana akanigeukia. "Mama mdogo, mwaka ule wa Likoni, wewe ulikuwa pamoja na mama?"

Niligundua kwamba hakuwa amewahi kusimuliwa. Nilimtazama dada, naye akainamisha kichwa kuashiria kwamba niseme. Nikaeleza yote: kitanda, kanga, jirani aliyekuwa akiita jina la mwanawe gizani, na namna ambavyo hadi leo mlango ukijibamiza kwa upepo mimi huruka. Shemeji aliweka uma wake chini. Nadhani naye hakuwa ameyasikia hayo kwa ukamilifu.

Kijana alikaa kitambo. Kisha akasema kwamba tangu mwaka 2010 sheria inamruhusu askari kuiacha bunduki yake katika ghala la jeshi bila malipo na bila kuulizwa sababu. "Nitaiacha huko. Shabaha nitaendelea kupiga. Uwanja hauhami."

Baba yake alimtazama kwa muda, kisha akamwongezea viazi. Dada aliondoka mezani akajifanya anatafuta chumvi.

Na kwetu je?

Nikiwa ndani ya ndege ya kurudi Nairobi niliwaza juu yetu. Katiba yetu ya 2010 haimpi raia haki ya bunduki. Anayetaka kuimiliki kihalali huomba cheti kwa bodi ya leseni za silaha na kueleza sababu. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na wanaolenga shabaha kama mchezo ni wachache.

Hata hivyo, nasi tunao raia wanaolala na bunduki za Serikali. Ni askari wa akiba wa huko Baringo, Samburu na Laikipia, wanaolinda vijiji dhidi ya wezi wa mifugo. Mwaka 2019 Serikali iliwataka wengi wao warudishe silaha ili wapigwe msasa upya, na malalamiko yakawa mengi, maana anayelala karibu na zizi haoni mambo kama anayelala mjini. Wote wawili wana hofu ya kweli.

Sikurudi na jibu la mkato. Huko Emmental niliona kwamba usalama haukuletwa na bunduki, wala na imani tupu. Ulitokana na watu wanaohesabu kila risasi, mwuza maziwa asiyeogopa kumshika bega kijana wa jirani, na sheria inayomruhusu mtu kusema "siitaki nyumbani" bila kuonekana mwoga. Na hata kwao hesabu hiyo imewahi kukosewa, watu wakafa.

Asubuhi ya kuondoka milio ilisikika tena bondeni. Safari hii chai haikumwagika. Lakini nilipotazama chini ya meza, niliona dada amenishika mkono, kama alivyonishika usiku ule.