Okoa Kwanza, Tengeneza Baadaye

Kompyuta ya nyumbani ikianza kusumbua, ushauri utakaoupata mjini Tanga, uwe Ngamiani, Chumbageni au Makorora, ni mmoja: ipigwe Windows upya. Fundi anafuta kila kitu, jioni unarudishiwa mashine nyepesi. Naupinga ushauri huo, na aliyenifanya niupinge ni shangazi yangu wa Raskazone.

Marehemu mumewe alitumia miaka yake ya mwisho kuhamishia kompyutani kanda zake za taarabu: Black Star, Lucky Star, na sauti ya Shakila binti Saidi wa Pangani, enzi ambazo vikundi vya Tanga vilisikilizwa pwani nzima. Baina ya nyimbo imo sauti yake mwenyewe, akimtaja mpiga gita au akimwita mkewe asikilize. Nakala ilikuwa moja tu, kwenye diski ile.

Umeme ukakatika mashine ikiwa kazini. Uliporudi, programu ya printa mpya ikagoma kuingia. Kila ikifika katikati, inakwama. Kisha kikaja kioo cheusi chenye maandishi meupe, kikihesabu asilimia polepole.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Fundi anasema ifutwe. Unasemaje?”

“Isifutwe. Na usiizime, iache imalize.”

Ndani ya diski za aina ile mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na vichwa vya kusomea huelea juu yake bila kugusa. Umeme ukikatika ghafla, kilichokuwa kikiandikwa huweza kubaki nusu. Windows ikigundua hivyo hujikagua inapowaka: faili, kisha majina na folda, kisha ruhusa za nani afungue nini. Ukaguzi huo ni wa daftari tu. Upo mwingine, mrefu, unaosoma diski yote kipande kwa kipande. Penye ubovu hupatia alama, pasiwekwe kitu tena. Huo ndio wa kuuogopa diski ikiwa mgonjwa, kwa sababu kuisoma yote kwa nguvu kunaweza kuimaliza. Kwa hiyo kabla ya ukaguzi mrefu, kabla ya kuhangaika na printa, tulinakili nyimbo.

Mpangilio huo nimeuchukua nikaupeleka mbali na kompyuta. Kwenye familia zetu ukizuka ugomvi, wa mirathi au wa ndoa, tunakimbilia kikao. Wazee wanakaa, kila mtu anafukua yake ya miaka yote, hakuna kinachoachwa. Nia ni kutengeneza. Lakini nimeona ndugu waliokuwa bado wanasalimiana wakiingia kikaoni, wakatoka hawasalimiani. Laiti mtu mmoja angeuliza mapema: hapa kuna kitu gani hatuko tayari kukipoteza? Ada ya mtoto, pengine. Au ile salamu tu. Kiwekwe pembeni, mahali salama, ndipo tufukue.

Na ile alama nayo naiheshimu. Ukaguzi haukiponyi kipande kibovu. Hukitambua, ukaendelea na vilivyo vizima. Nina jamaa nisiyemkopesha fedha tena, na ninampenda vilevile, tunazikana na kuozana. Lakini diski ambayo vipande vibovu vinaongezeka kila wiki haitaki alama nyingine, inataka kubadilishwa, na wapo watu wanaokaa kwenye ndoa za namna hiyo wakihesabu uvumilivu. Siwezi kuwaambia wavumilie zaidi.

Diski ya shangazi ilikuwa imefikia hapo. Tulifunga mpya, Windows ikawekwa juu yake, na programu ya printa ikaingia bila kukwama. Nyimbo nyingi zilipona, chache zinakatika-katika, nyingine hazikufunguka kabisa. Sasa nakala moja ipo kwenye flashi kabatini kwake, nyingine kwa binti yake Muheza. Kitu cha kwanza alichochapisha ni orodha ya nyimbo. Zilizopotea ameziandika kwa kalamu chini yake, na anaizungusha karatasi hiyo Pangani kwa kila mwenye kanda za zamani.