Mbung'o wa Kivulini, Mbu wa Juani

Aliyekulia Arua au Koboko, huku West Nile nchini Uganda, miaka ya themanini, watu walipokuwa wakirejea kutoka ukimbizini Sudan na Zaire, anaikumbuka siku ya kupimwa malale: Land Rover imeegeshwa chini ya mwembe, hadubini imewekwa juu ya dawati la shule, nasi tumepanga foleni huku muuguzi akitupapasa shingo kwa vidole vinavyonuka spiriti, akitafuta tezi zilizovimba. Aliyekutwa na vimelea alichomwa sindano ya mgongo, na ikionekana vimekwisha kufika kwenye ubongo, alitiwa mshipani dawa yenye arseniki, iliyowasha kama pilipili na kuua wagonjwa wapatao 5 katika kila 100. Watu walilijua hilo. Walimpeleka mgonjwa wao vivyo hivyo, maana bila dawa asingepona.

Siku hizi kuna vidonge. Na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa aina ya malale iliyo huku kwetu si tishio tena kwa afya ya umma nchini Uganda.

Kilichosaidia sana ni kipande cha kitambaa. Nusu yake ni buluu, nusu ni chandarua cheusi. Upana sentimita 50, kimo 25, kimetiwa dawa na kuchomekwa kwa vijiti ukingoni mwa mto. Mbung'o, inzi anayeeneza malale, huvutwa na buluu, na akigusa chandarua hufa. Vitambaa hivyo vilianza kujaribiwa West Nile mwaka 2011, na vijana wa vijijini wakajifunza kuvichomeka wenyewe.

Lakini mbung'o hakuondolewa na kitambaa peke yake. Mito yetu, Enyau na Kochi na vijito vyake, ilikuwa imefunikwa na miti mikubwa, na kina mama waliteremka na mitungi hadi penye giza na baridi, penye harufu ya majani yaliyooza, huku watoto wakipunga matawi kufukuza wadudu. Miti hiyo ilikatwa kidogo kidogo: ya kukaushia tumbaku, ya kuchomea matofali, ya makaa ya mjini. Kisha mwaka 2016 na 2017 wakaja ndugu zetu wa Sudan Kusini kwa maelfu, kwenye makazi ya wakimbizi ya Bidibidi, Imvepi na Rhino Camp, na nao lazima wapike. Simlaumu mtu anayetafuta kuni za kupikia wanawe.

Sasa mto uko wazi. Kando yake kuna mashimo ya matofali, yamejaa maji ya mvua, yanapigwa na jua mchana kutwa. Mbung'o alitaka kivuli. Mbu wa malaria hutaga kwenye maji yaliyo juani. Shoka lililomfukuza mmoja limemkaribisha mwingine.

Na si malaria tu inayotutisha. Mwaka 2019 homa ya manjano ilithibitishwa Koboko, na mwaka huohuo Ebola ilifika Ariwara, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, mji ambako wafanyabiashara wetu huenda na kurudi kila siku. Kwenye vituo vya mpakani vya Vurra na Oraba tukanawa mikono na kupimwa joto kabla ya kuvuka. Tulizoea haraka. Anayeishi penye mpaka wa nchi tatu hana budi.

Zamani hatari hazikusubiriwa hadi watu waugue: bwana afya alikuja kwa baiskeli, mara nyingi pamoja na muuguzi, na habari zake zilimtangulia, kwa hiyo tulifagia uwanja, tukasimamisha kichanja cha vyombo na kufukia madimbwi kabla hajashuka. Alikuwa mkali na tulimwogopa. Lakini aliliona shimo kabla halijazaa homa.

Leo mhudumu wa afya wa kijiji ana simu. Homa ya ajabu ikitokea, taarifa hufika wilayani siku hiyo hiyo, na hilo limeokoa watu. Sitamani kurudi enzi za taarifa kusubiri gari la wiki. Hata hivyo simu huhesabu wagonjwa waliokwisha kuugua. Shimo la matofali huonwa na anayepita kwa miguu. Wilaya zetu zimpe muuguzi wa jamii vyote viwili: simu ya kutoa taarifa, na siku za kutembelea nyumba na kingo za mito, akiwa na mamlaka ya kusema shimo hili lifukiwe, na miti ipandwe hapa.