Kizazi cha Risala

Kizazi chetu hapa Kaliua kilikuwa hodari wa kuandika risala. Wageni wanakuja kutoka Ulaya au Marekani kukaa wiki mbili, kuku wanachinjwa, kwaya inaimba, kisha katibu wa usharika anasimama na karatasi. Shukrani kidogo, halafu mahitaji: mabati, kinanda, kipaza sauti, pikipiki ya mwinjilisti. Tumbaku ikiwa na bei nzuri, nusu ya vitu hivyo tungeweza kuvinunua kwa sadaka ya mavuno. Hatukuvinunua. Tungewaomba nini wageni?

Waliotutangulia hawakuwa na mtu wa kumsomea risala. Mwaka 1879 daktari Ebenezer Southon wa London Missionary Society alipokewa Urambo na Mtemi Mirambo. Miaka mitatu baadaye alikufa kwa jeraha la risasi iliyofyatuka kwa bahati mbaya. Mwaka 1898 shirika lake likawaachia kazi Wamoravian wa Kijerumani. Nao, baada ya Wabelgiji kuiteka Tabora Septemba 1916, wakachukuliwa mateka. Baada ya vita walikuja Wamoravian wa Denmark, lakini katika pengo lile waliobaki na waumini ni walimu na wainjilisti wa hapa hapa, watu waliosoma kidogo na kutembea sana. Malezi yao ndiyo yaliyotupa akina Teofilo Kisanji, aliyekuwa askofu katika miaka ya 1960.

Ulyankulu nako, wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 walipewa pori la miombo lenye mbung'o. Serikali na mashirika waliwasaidia, sikatai. Lakini wahubiri walikuja nao, na makanisa ya miti na udongo waliyasimamisha wenyewe.

Basi wageni wasije? Waje. Ila nimeona namna mbili za kuja. Kundi moja lilikuja kutujengea ukuta. Vijana wazuri, wenye bidii, wakibeba matofali na kupigana picha, huku mafundi wetu wameketi kivulini. Fundi mmoja akaniinamia: "Mzee, hawa wamelipa nauli ya ndege waje kuchukua kibarua changu?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Kundi jingine halikujenga kitu. Baraza la wazee lilikuwa limewaandikia mapema kwamba vitabu vya hesabu vya mitaa vimetushinda, tunaomba watu wa kazi hiyo tu. Wakaja wachache. Wakakaa na watunza hazina wetu chini ya mwembe, daftari la sadaka mapajani, Kiswahili chao cha kuchekesha, wakalinganisha stakabadhi moja baada ya nyingine. Waliporudi kwao hapakuwa na jiwe la msingi lenye majina yao. Msimu uliofuata watunza hazina wale wale walikwenda Usinge kuwafundisha wenzao, kwa nauli ya usharika.

Babu zetu waliobeba pembe kwenda Bagamoyo wangeelewa tofauti hiyo upesi. Msafara ulikuwa na tajiri, mali ni yake, lakini mbele alitangulia kirangozi na bendera, maana yeye ndiye aliyejua maji yalipo na mahali pa kulala. Tajiri aliyemkataa kirangozi alikuwa anatafuta kiu. Sisi bendera tulimkabidhi mgeni aliyeshuka kwenye treni jana yake, halafu tukalalamika kwamba anatupeleka anakotaka.

Vijana wa sasa hawana subira na risala zetu, na wakati mwingine hawana adabu pia. Lakini nawaona wakichangishana kwa simu na kupanda treni ya Mpanda kwenda kuhudumu vijijini, wao sasa ndio wageni. Mwaka huu walitaka kwenda na mahema na wahubiri watatu. Nikawaambia wawaulize kwanza wenyeji. Jibu limekuja kwa ujumbe mfupi: wahubiri wapo, leteni mtu wa kutengeneza kinanda na mwalimu wa shule ya Jumapili.