Alama ya Kidole Gumba



Iko kazi moja ya mikono ambayo huenda wengi wenu hamjapata kuiona, nayo ni kuunda magari madogo ya plastiki. Hatusemi vigari vya watoto vinavyouzwa sokoni vikiwa vimekamilika. Tunasema gari linalokuja ndani ya sanduku la karatasi ngumu, likiwa vipande vipande vilivyoshikana na vijiti vya plastiki kama matunda mabichi kwenye tawi: bodi peke yake, kifuniko cha injini peke yake, viti, usukani, magurudumu, hata bomba la moshi. Mwenye kuliunda hukata kila kipande kwa wembe, hukisugua kwa msasa, hukigandisha mahali pake, kisha hupaka rangi. Kipimo kilichozoeleka Marekani ni 1/25, maana yake gari la kweli lenye urefu wa mita 5 huwa na sentimita 20 mezani.

Kazi hiyo ilistawi hasa katika jimbo la Michigan, ujirani na viwanda vya magari yenyewe. Kampuni ya AMT, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilianza kwa kutengeneza vigari vilivyokwisha kuunganishwa, ambavyo wauza magari waliviweka dukani ili mteja aone umbo na rangi ya gari la mwaka ule. Baadaye, mwaka 1958, yakatokea masanduku yenye vipande vya kutosha njia tatu. Gari lilikuwa moja, lakini mnunuzi aliweza kuliunda kama lilivyotoka kiwandani, au kuligeuza kwa mtindo wake, au kulifanya la mashindano. Sisi tuliosomea ualimu tunaona kwamba hapo ndipo ulipokuwa werevu wa jambo lote. Mtoto wa miaka kumi na miwili alilazimika kuchagua kabla ya kufungua gundi, kwa sababu gundi ya plastiki haifanyi kama ile ya karatasi. Haikai katikati ya vipande viwili kuvishikanisha. Huyeyusha ngozi ya vyote viwili, vikaingiana, na ikikauka vinakuwa kitu kimoja.

Tuseme pia neno juu ya kalibu, yaani chuma kizito kilichochongwa kwa ndani, ambamo plastiki ya moto husukumwa kwa nguvu ili ichukue umbo. Kalibu ni ghali mno. Kwa hiyo viwanda vilipotaka gari la mwaka mpya mara nyingi havikuchonga kalibu nyingine, bali vilibadili ile ile ya mwaka uliopita. Umbo la zamani likapotea kabisa. Ndiyo sababu masanduku mengine ya miaka ya 1960 yanatafutwa leo kwa fedha nyingi, na wako watu wanaoyanunua na kuyaweka kabatini bila kuyafungua hata siku moja. Kila mtu na mali yake. Sisi hatuoni faida ya tunda lisiloliwa wala kupandwa.

Gari tunalotaka kulisimulia halimo katika yale adimu. Ni Mercury ya mwaka 1949 iliyotolewa na AMT, nayo imerudiwa kutolewa mara nyingi. Wamarekani wanaipenda kwa sababu ya ndugu wawili wa California, Sam na George Barris. George alikuwa msemaji na mpenda maonyesho. Sam, aliyekuwa mkubwa, alikuwa fundi wa bati. Sam alichukua Mercury yake mwenyewe ya mwaka 1949, akakata nguzo zinazobeba paa, akalishusha paa, akaziunga tena, gari likawa kama limeinama. Tangu hapo wengi wakamwiga. Wanaosikia hudhani ni kazi ya msumeno tu, kumbe sivyo. Nguzo za mbele zimelala, na kila zinavyopanda ndivyo zinavyorudi nyuma. Ukikata kipande na kulishusha paa, ncha za juu hazikutani tena na ncha za chini. Ama ulisogeze paa mbele, ama ulirefushe kwa bati jipya. Hapo ndipo fundi hutambulikana.

Sanduku la Mercury lilifikaje Bukavu? Shirika la Peace Corps lilifanya kazi katika nchi yetu, kwa sehemu kubwa ya wakati huo ikiitwa Zaire, tangu mwaka 1970 hadi 1991, na kijana mmoja wa shirika hilo alimfundisha fizikia kaka yetu mkubwa. Mwaka 1981, alipomaliza muda wake, aligawa vitu vyake. Wengine walipata vitabu na viatu. Kaka yetu, aliyekuwa na miaka kumi na saba, alipewa sanduku hilo pamoja na tyubu moja ya gundi. Sisi tulikuwa na miaka kumi na minne, na kazi yetu ilikuwa kushika taa.

Mikono yake haikuwa migeni kwa kazi hiyo. Tulikuwa tumekwisha kuunda magari mengi ya waya, yenye magurudumu ya kandambili zilizochakaa na usukani mrefu wa kuongozea ukiwa umesimama. Lakini waya ukikosea unaunyoosha. Plastiki haina huruma hiyo. Kwenye sanduku kulikuwa na picha ya gari lililogeuzwa, na kaka yetu akaamua kwamba lake litapita hilo: atashusha paa. Hakuna aliyemfundisha. Alipima milimita 4 kwenye kila nguzo, ambazo kwa gari la kweli ni sentimita 10, akakata kwa wembe uliopashwa moto juu ya mshumaa. Kisha akaona kwa macho yake lile tulilolieleza hapo juu: paa lilipokaa nyuma, mbele halikufika.

Alikaa siku mbili bila kuligusa. Siku ya tatu alikatakata vijiti vilivyobaki, akavitia ndani ya kifuniko cha chupa pamoja na gundi, akavifunika mpaka vikawa uji mzito. Kwa uji huo akaziba nafasi za mbele, na pia ufa mmoja uliotokea juu ya nguzo ya nyuma upande wa kushoto. Huko nyuma akabonyeza kwa kidole gumba ili usawazike. Uji ukakauka na mistari ya kidole ikabaki. Miaka mingi baadaye tulisoma kwamba mafundi wa kazi hii huko ng'ambo wanaitumia njia hiyo hiyo. Yeye aliivumbua kwa sababu hakuwa na kitu kingine.

(Hapa tunafungua mabano kwa ajili ya walio wadogo kati yenu. Gundi hiyo ina moshi usioonekana ambao unaharibu ubongo. Marekani yenyewe ilipata taabu ya vijana walioinusa kwa makusudi, hata mwishoni mwa miaka ya 1960 watengenezaji wakaanza kuitia mafuta ya haradali ili iwashe pua. Mnawafahamu watoto wa mitaani wa mji wetu na chupa zao. Kazi hii ifanyike dirisha likiwa wazi, na mtu asiwe peke yake.)

Rangi aliyoipaka ilikuwa nyekundu ya mafuta, iliyobaki baada ya kupaka mlango wa nyumba ya wazazi. Ilitiririka, ikafanya machozi pembeni. Hata hivyo gari lilisimama juu ya redio yake kwa miaka yote, alipooa, alipohama, vita vilipokuja na kupita. Yeye mwenyewe alikuwa fundi wa bodi za magari huko Kadutu, mtu wa nyundo na mastiki. Mwaka 2009 ugonjwa wa sukari ulimchukua. Mtoto wake wa mwisho alikuwa na miaka minne.

Mtoto huyo sasa ana miaka kumi na tisa, na mwaka jana alikuja kwetu na gari mkononi, limefungwa kwa gazeti. Magurudumu mawili yalikuwa yametoka, kioo cha mbele kilikuwa cha manjano, vumbi limeingia ndani ya rangi. Wamarekani wana jina lao kwa gari la zamani lililoundwa na mtoto na kulowa gundi kila mahali; wanaliita bomu la gundi. Sisi wa Kivu hatuli tayari kutamka neno hilo kwa mzaha, basi tuliliita gari la marehemu. Alitaka tulifufue pamoja.

Kazi ya kufufua ina hatua zake, nasi tuliifurahia kuliko tulivyotazamia. Gundi ya zamani huwa kavu kama kioo, na baridi huiongezea ukavu. Mama mmoja anayeuza samaki alikubali gari lilale usiku mmoja ndani ya friza yake, katikati ya sambaza. Asubuhi tulipolikunja kidogo kidogo, chini ya gari kuliachana na bodi kwa mlio mwembamba, na injini ikatoka nzima. Kwa rangi nyekundu tulitumia mafuta ya breki. Tulivaa glavu, tukalizamisha gari ndani ya ndoo yenye kifuniko kwa siku nne, kisha tukalisugua kwa mswaki wa zamani na sabuni. Rangi ilivuka kama ngozi ya nyanya. Chini yake ikatokea plastiki nyeupe, kama siku ile ya sanduku.

Ikatokea pia alama. Chini ya rangi nene ya mlango haikuwa ikionekana, hata shemeji yetu, aliyelifuta gari hilo vumbi kwa miaka mingi, hakuwa na habari nayo. Sasa ilikuwa wazi juu ya nguzo ya nyuma: mistari ya kidole gumba, mviringo ndani ya mviringo, na kovu dogo katikati. Kovu hilo tulilitambua. Alilipata kwa kopo la sardini alipokuwa akitengeneza gari la waya.

Tulidhani kijana atafurahi. Alinyamaza, akalitazama sana, kisha akauliza tuna msasa wa namba gani.

Tulimwambia kwamba alama hiyo haifutwi. Akajibu kwa adabu, lakini hakurudi nyuma: "Baba mdogo, ninyi mlimjua. Mnakumbuka sauti yake na mwendo wake, hamuhitaji alama. Mimi simkumbuki. Najua tu kwamba alikuwa fundi, kila mtu wa Kadutu ananiambia hivyo. Fundi haachi kidole chake kwenye bodi. Nataka nimalize kazi yake kama yeye angeimaliza."

Tulimjibu kwamba baba yake alishika msasa na mastiki kila siku ya kazi kwa zaidi ya miaka ishirini, na gari lilikuwa pale juu ya redio. Kama angetaka kuisawazisha nguzo ile, saa moja ingemtosha. "Fundi hana nafasi ya gari lake mwenyewe," akasema, na hapo tulikosa la kumjibu, kwa kuwa ni kweli kabisa. Nyumba ya seremala haina kiti kizuri.

Tumeongea jambo hili mara tatu tangu siku ile. Tunaendelea kuona kwamba gari la Mercury anaweza kupata jingine, kwa kuwa kalibu yake ingaliko, na kwamba mistari ile haina kalibu. Lakini gari ni lake, si letu. Kushika taa hakutupi haki juu ya mkono wa kaka yetu kuliko haki ya mwanawe, nasi hatukutaka kumlazimisha kwa ukubwa wa miaka. Shemeji yetu tulipomuuliza alisema tu kwamba tumwachie mtoto.

Mpaka leo amefanya yafuatayo. Nguzo za mbele amezisawazisha kwa mastiki mpya, na kazi yake ni safi, hata kucha haikwami. Machozi yameondoka. Antena ameitengeneza kwa kijiti cha plastiki alichokipasha juu ya mshumaa na kukivuta taratibu mpaka kikawa chembamba kama uzi. Kioo amekikata kutoka kwenye chupa ya maji. Rangi ya msingi, ile ya kijivu, ameipulizia mara mbili kwa tabaka jepesi, kwa sababu rangi ya magari ya kweli ikipigwa nene juu ya plastiki tupu huila. Amesugua mwili wote baada ya hapo, isipokuwa sehemu moja yenye upana wa kidole nyuma ya dirisha la kushoto. Kila anaposugua anaizunguka. Hatujamuuliza kwa nini, naye hajasema.

Rangi ya mwisho imekwisha kununuliwa, kopo moja la kijani kilichoiva, kutoka duka la vipuri. Alijaribu kidogo chini ya gari mwezi wa tatu, ikafanya ukungu mweupe, kwa kuwa hewa ya masika ina maji mengi. Tumekubaliana kungoja kiangazi, mwezi wa sita au wa saba. Msasa namba 600 uko ndani ya droo pamoja na kopo.