Gari la Binti Yangu Halikuwamo



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), napenda leo nizungumze nawe juu ya jambo ambalo huenda ukaona si la kuzungumzwa na mwalimu wa chuo. Nataka tuzungumze juu ya gari linaloharibika njiani, na juu ya mkataba ule ambao watu hulipa ada ya mwaka ili gari likikwama waje kulitengeneza au kulivuta. Usiufunge ukurasa. Ndani ya jambo hili dogo nilikuta somo ambalo nimelisomesha miaka mingi, na mwenyewe nilikuwa sijalifahamu.

Sisi tuliopita miaka sitini tunakumbuka siku ambazo mtaa mzima ulikuwa na gari moja au mawili. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, wasafiri wa Malindi tulikuwa tukivuka kwa feri, na gari likigoma kuwaka pale kwenye foleni, watu walishuka mabasini wakalisukuma wala wasiulize ni la nani. Leo nyumba moja ina magari matatu na manne: la baba, la mtoto afanyaye biashara, la mkwe, la binti apelekaye watoto skuli. Ni neema, na tunamshukuru aliyetupa. Lakini kila gari ni amana nyingine, na kila anayeshika usukani ni roho nyingine iliyo njiani. Je, umepata kukaa ukajiuliza: wa kwangu akikwama saa tatu za usiku, nani atamwendea?

Wengi hujibu, "Mimi nina bima." Hapa pana kosa la kufahamu. Bima ambayo sheria ya Kenya, sura ya 405, inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo ni ile ya kumlipa mtu mwingine aliyeumizwa na gari lako. Haikuletei betri, wala haikuvuti kutoka Mtwapa. Hata ile bima kubwa inayolipa hasara ya gari lenyewe, mara nyingi gharama ya kuvutwa imo kwa ajali tu, tena kwa kiasi maalumu. Na mkanda wa feni ukikatika hiyo si ajali. Huduma ya kuokolewa njiani ni mkataba wa peke yake, au ni kifungu kinachoongezwa juu ya bima, na kifungu hicho hakijui kusoma mtu mwingine kwa niaba yako.

Sasa nikupe kisa changu. Miaka miwili iliyopita alinijia kijana mmoja baada ya sala ya Alasiri, wakala wa huduma hiyo, na karatasi zake mkononi. Nyumbani kwetu yalikuwapo magari manne: langu, mawili ya wanangu wa kiume, na kigari kikuukuu cha binti yangu, ambaye mumewe alifariki akarudi kukaa nasi pamoja na watoto wake wawili. Ada ilikuwa kwa kila gari. Nikachukua kalamu, nikaandika langu, nikaandika ya wanangu. Nilipofika la binti yangu nikajiambia: hili haliendi mbali, ni kwenda skuli anakosomesha na kurudi, ya nini kulilipia? Nikatia sahihi, nikajiona mtu mwenye tadbiri.

Ulipoingia mwezi wa Shaabani, shemeji yangu, dada wa mke wangu, alikuwa mgonjwa huko Malindi. Wanangu walikuwa na shughuli zao, na gari langu lilikuwa kwa fundi. Binti yangu akasema, "Mama, nitakupeleka mimi." Wakaenda salama, wakamtazama mgonjwa, wakashika njia ya kurudi. Baada ya Magharibi, walipofika kwenye mashamba ya mkonge ya Vipingo, gari lilichemsha, moshi ukatoka mbele, likazimika.

Alinipigia simu, nami bila ya wasiwasi nikapiga nambari iliyo kwenye kadi. Mpokezi akaniuliza nambari ya gari, nikamtajia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu, "Sheikh, gari hili halimo." Nikamwambia, "Liandike sasa hivi, nitalipa." Akanijibu, "Likishaharibika haliingii. Hata nikiliandika, huduma huanza baada ya siku kadhaa." Sikumlaumu, kwani alisema haki, hakuna atakayeandikiana nawe juu ya jahazi lililokwisha kuzama. Akaniambia gari la kuvuta kwa malipo ya taslimu lingepatikana, ila lingechukua muda wa saa nne kufika. Nikaanza kuwatafuta wanangu.

Mke wangu ana maradhi ya sukari, na wakati wake wa kula ulikuwa umekwisha pita. Walikaa ndani ya gari milango imefungwa, malori yakipita kwa kishindo ubavuni mwao. Mwenyezi Mungu aliwajaalia mzee mmoja wa sehemu zile, aliyekuwa akitoka kusali Isha, akawaona. Akawaletea maji na mkate, akakata matawi akayaweka barabarani nyuma ya gari ili wenye kuja waone, akakaa kitako na kurunzi yake mpaka wanangu walipofika na kamba. Waliingia nyumbani karibu na saa sita za usiku.

Nilimwambia binti yangu, "Pole mwanangu. Sikujua kama gari lako litatoka mbali." Akanijibu taratibu, "Baba, mimi nilijua kuwa langu halimo. Niliiona karatasi juu ya meza." Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia?" Akasema, "Ulikwisha kutia sahihi. Nikasema, baba ameona hivyo."

Hakulalamika wala hakunikosea adabu, na hilo ndilo lililoniuma. Kwa muda gani amekuwa akiona hivyo, na kwa mambo mangapi, na akinyamaza?

Ndugu msomaji, Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Nuuman bin Bashir, ambaye baba yake alimpa zawadi, mama yake akataka Mtume (S.A.W.) awe shahidi. Mtume akamuuliza yule baba kama watoto wake wote amewapa mfano wa hiyo. Alipojibu kuwa sivyo, Mtume akawaamrisha watu wamche Mwenyezi Mungu na wafanye uadilifu baina ya watoto wao, na yule baba akairejesha zawadi yake. Kisa hiki nimekisomesha mara zisizo na idadi. Nilikuwa nikikifahamu katika mashamba, nyumba na dhahabu. Sikukifahamu katika karatasi ya wakala.

Anaweza kutokea mtu akanitetea, akasema kuwa wanavyuoni wametofautisha baina ya zawadi na matumizi. Zawadi ni kwa usawa, na matumizi ni kwa haja ya kila mmoja. Ni kweli. Lakini hebu tupime kwa haja. Wanangu wana magari mazima, wana rafiki zao mafundi, na tairi likipasuka wanalibadilisha wenyewe. Binti yangu ana gari bovu kuliko yote, hana mume wa kumwita, na ana watoto wadogo kiti cha nyuma. Kwa mizani ya usawa nilikosa, na kwa mizani ya haja nilikosa zaidi.

Najua wako watakaouliza: je, mkataba wenyewe wajuzu? Ni suali zuri, na ndilo linalopasa kutangulia. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha mwezi wa Desemba 1985, ilikata kuwa bima ya biashara yenye ada maalumu haijuzu kwa ajili ya gharar kubwa iliyomo, na kwamba badala yake ni bima ya ushirikiano, inayosimama juu ya kuchangiana na kusaidiana. Sudan ilikwisha kuwa na kampuni ya namna hiyo mwaka 1979, Malaysia ikatunga sheria yake mwaka 1984, na hapa Kenya kampuni ya takaful ilifunguliwa mwaka 2011. Ama huduma ya kuokolewa njiani, kwa upande mmoja inafanana na bima, kwani unalipa na huenda mwaka ukapita hukuihitaji. Kwa upande wa pili inafanana na ujira wa kazi, kwani hupewi fedha, bali unaletewa fundi na gari la kuvuta. Kwa hivyo usihukumu kwa jina. Tazama ni nani anayeiendesha na fedha zinakwenda wapi. Ikiwa ni wanachama wanaochangiana, au iko chini ya takaful, moyo unatulia zaidi. Ukiwa na shaka, mpelekee sheikh wako karatasi yenyewe aisome, usimpelekee hadithi ya wakala.

Na ukishatulia juu ya hilo, yako mambo ya kuuliza kabla ya kutia sahihi, nami nimeyajua kwa kuumia.

Kwanza, uliza mkataba unamfuata nani. Upo unaofuata gari, yeyote aliyeliendesha anasaidiwa. Na upo unaofuata mtu, gari lolote alilopanda. Hesabu madereva wa nyumba yako, kisha hesabu magari. Nyumba yenye gari moja na madereva watano, wa kufuata gari unawafaa. Nyumba yenye madereva wawili na magari manne, wa kufuata mtu ni nafuu. Na ikiwa upo wa nyumba nzima, piga hesabu yake. Tuseme gari moja ni shilingi 5,000 kwa mwaka. Manne ni shilingi 20,000. Ukiambiwa nyumba nzima ni shilingi 15,000, umepata nafuu ya robo, wala huna haja ya kuchagua ni nani wa kumwacha nje.

Pili, uliza neno "nyumba" lina maana gani kwao. Je, ni wote wanaolala chini ya paa moja? Mtoto anayesoma Nairobi yumo? Mkwe yumo? Usidhani, waandike majina.

Tatu, uliza wanakuvuta umbali gani na wanakupeleka wapi. Wako wanaokufikisha kwa fundi aliye karibu tu, hata kama humjui, na wako wanaokupeleka unapotaka, lakini baada ya kilomita kadhaa unalipa kwa kila kilomita. Mtu wa Lamu na mtu wa Mombasa mjini hawana safari moja.

Nne, uliza habari ya abiria. Gari la kuvuta huwa na nafasi ya mtu mmoja au wawili pembeni mwa dereva. Gari limeokolewa, je, bibi na wajukuu watarudi vipi?

Tano, uliza wanakuja mara ngapi kwa mwaka, huduma inaanza siku gani, na kama wanakuja mlangoni kwako. Betri nyingi hufa alfajiri nyumbani, na iko mikataba isiyotambua gari lililokwama kwenye maegesho ya mwenyewe. Uliza pia umri wa gari, na kama gari la kubebea biashara linakubaliwa.

Na wala usiseme kuwa haya yote ni kukosa tawakkul. Tirmidhi amepokea kwa Anas habari ya yule mtu aliyeuliza kama amfunge ngamia wake au amwache huru na kutegemea, na Mtume (S.A.W.) akamwelekeza amfunge kisha ategemee. Lakini kadi mfukoni siyo kamba pekee. Maji ya rejeta, oili, upepo wa tairi la akiba, jeki, na vile vibao vyekundu vya pembetatu vya kuwekwa nyuma ya gari, hivyo pia ni kufunga ngamia. Lau kama ningemwita fundi alitazame gari la binti yangu mwezi mmoja kabla, pengine lisingefika kuchemka.

Mkataba ule ulipomalizika, sikukaa na wakala peke yangu. Niliita watu wote wa nyumba mkekani, wanaume na wanawake, kila mmoja akasema anaendesha nini, anakwenda wapi na saa ngapi. Nilistaajabu, kwani nyumba ni yangu na nusu ya safari zile sikuzijua. Kwetu madereva ni watano na magari ni manne, kwa hiyo tulichukua wa kufuata magari, yote manne. Kisha tukaanzisha mfuko mdogo wa nyumba, kila mwenye uwezo anatia chochote kila mwezi kwa nia ya kusaidiana, kwa yale ambayo mkataba hauyafikii. Nikawakumbusha Ashaari, watu wa Abu Musa, ambao chakula kilipowapungukia walikikusanya katika nguo moja wakagawana sawasawa, na Mtume akawasifu, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Kalamu nilimpa binti yangu. Akaandika la kwake la mwisho. Nikamwambia alifute aliandike la kwanza.

Yule mzee wa Vipingo nilikwenda kumtazama na kumshukuru. Nilipotoa bahasha aliirudisha mkononi mwangu, akaniomba dua tu. Yeye hakuwa na kadi yetu wala sisi hatukuwamo katika karatasi yake.

Basi, ewe baba mwenye kalamu mkononi, kabla hujatia sahihi, soma majina tena, umtafute yule ambaye hayumo na hatasema. Nawe mama, nawe binti, ukiona karatasi juu ya meza na jina lako halimo, sema. Kusema kwa adabu si kumvunjia mzee heshima, bali ni kumwokoa na suali atakaloulizwa kesho.

Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu, bara na bahari, na atuwezeshe kuwafanyia uadilifu watu wa majumbani mwetu. Amin.